Mbio za magari Dodoma: tusianze na moto wa nitro

Tangu vipande vya barabara ya mzunguko wa nje vianze kukamilika, Dodoma imepata kitu ambacho haikuwa nacho: lami pana, iliyonyooka, yenye njia mbili kila upande, isiyo na matuta wala vibanda vya chipsi pembeni. Barabara hiyo ya kilomita 112.3 imejengwa ili malori yanayokatiza kwenda Singida, Iringa na Kondoa yasilazimike kupenya katikati ya jiji. Vijana wenye magari wameiona kwa jicho lao. Vijiweni na kwenye magereji hoja ya mbio za gari mbili mbili kwenye lami iliyonyooka, zile ambazo Wamarekani huziita drag, imepamba moto, na imegawa watu makundi mawili. Kundi la kwanza linasema huo ni uhuni na dawa yake ni trafiki. Kundi la pili linasema kitafutwe kiwanja, yaletwe mashine yenye spidi ya kutisha, na watu watajaa kama wamekuja kuangalia Simba na Yanga. Kundi la kwanza nina ugomvi nalo mdogo: barabara ya malori si mahali pa kushindana, basi. Nataka kubishana na kundi la pili, kwa sababu ndilo lililokaribia ukweli kisha likaupita.

Wanadhani daraja la mbio linalopendwa na watazamaji ndilo hilo hilo linalopendwa na madereva, na kwamba ukishalileta, mengine yatajileta. Huko Marekani ulikozaliwa mchezo huu, makundi hayo mawili yana mapenzi tofauti kabisa. Magari yanayojaza majukwaa huendeshwa na watu wachache mno. Yale yanayoujaza uwanja wenyewe, yaliyopanga foleni tangu asubuhi yakisubiri zamu, hayatazamwi na mtu zaidi ya fundi wa gari, mke wa dereva na watoto waliochoka jua. Ni haya ya pili yanayouweka uwanja hai mwaka mzima. Kwa hiyo Dodoma, kama inautaka mchezo huu kweli, ianze na daraja ambalo Mark II ya fundi wa Kizota inaweza kuingia. Moto na ngurumo vitakuja baadaye, au visije kabisa.

Historia kidogo, maana wengi wanaujua mchezo huu kupitia klipu za sekunde nne. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California walikuwa wakishindana barabarani usiku na wengine wakifa. Mwaka 1950, huko Santa Ana, mbio za kulipia kiingilio zilianza kufanyika kwenye uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata Wally Parks akaasisi chama cha kusimamia mbio hizi, NHRA, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapa sheria, vipimo na mahali. Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika 1955 katika mji wa Great Bend, Kansas. Utaratibu wake haujabadilika sana: magari mawili yanapanga mstari, nguzo ya taa inashuka hadi kijani, mshindi anasonga raundi ya pili, aliyeshindwa anafunga virago. Leo NHRA ina madaraja makuu manne ya kulipwa: Top Fuel, Funny Car, Pro Stock na Pro Stock Motorcycle. Chini ya hayo kuna madaraja mengi ya watu wenye kazi zao za Jumatatu, wanaoshindana kwa pesa yao.

Top Fuel na Funny Car ndiyo yanayokula nitro, yaani mafuta ya nitromethani, na ndiyo yanayosambaa kwenye simu. Gari la Top Fuel ni jembamba na refu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 7.6, yaani Coaster nzima ya abiria ni fupi kuliko nafasi hiyo. Injini yake ya silinda 8 ina ujazo wa lita 8.2, imekaa mgongoni kwa dereva, na inapewa mafuta ambayo hadi asilimia 90 ni nitromethani. Kemikali hiyo hubeba oksijeni ndani yake yenyewe, hivyo injini inaweza kumeza mafuta mengi kwa hewa ile ile kuliko ingekuwa petroli, na nguvu inayotoka inakadiriwa kuvuka farasi 11,000. Mita 305 zinaisha kwa takriban sekunde 3.7, na mwisho wa njia spidi imepita kilomita 530 kwa saa. Ukipiga chafya, umekosa. Funny Car ni injini ya aina hiyo hiyo, ila hapa imewekwa mbele ya dereva na kufunikwa na bodi moja nyepesi iliyochongwa ifanane na gari la dukani, bodi inayoinuliwa yote kama kifuniko cha sufuria.

Hoja ya wapenda nitro ni nzito na sitaipunguza uzito. Sauti yake huisikii tu kwa masikio. Kifua kinatetemeka, macho yanachoma kwa moshi wake. Tiketi ya NHRA inamruhusu mtazamaji kuingia hadi wanakofanyia kazi mafundi, na hapo anaona injini ikifunguliwa yote baada ya mbio moja, vichwa vya silinda vikitolewa, pistoni na kilachi vikikaguliwa na kubadilishwa, kisha vyote vikirudishwa ndani ya muda usiofika saa moja hivi. Fundi yeyote wa Tanzania anayejua uchungu wa kushusha injini atasimama pale na kusahau njaa. Na majina makubwa ya mchezo yametoka huko: Don Garlits, aliyeihamishia injini nyuma ya dereva baada ya mlipuko wa 1970 kumkata sehemu ya mguu, Shirley Muldowney, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa Top Fuel, mwaka 1977, akaurudia 1980 na 1982, John Force na mataji yake 16 ya Funny Car. Ukiwauliza mashabiki wa Marekani kura yao, nitro inashinda asubuhi.

Lakini hesabu upande wa washindani. Timu ya nitro inahitaji kundi la mafundi, malori, ghala la vipuri na mfadhili mwenye roho ngumu, maana kila mbio inateketeza makumi ya lita za mafuta na mara kwa mara inateketeza injini pia. Ndiyo maana hata Marekani, nchi yenye pesa na viwanja vyake, kuna mashindano ya nitro ambayo nafasi 16 za raundi ya kwanza hazijai. Spidi nayo ina bei yake. Mwaka 2008 Scott Kalitta alifariki kwenye uwanja wa Englishtown, New Jersey, na wiki chache baadaye NHRA ikayapunguzia magari ya nitro njia, kutoka robo maili, yaani mita 402, hadi mita 305. Mpaka leo hawajairudisha. Daraja lililo maarufu kuliko yote lilibidi lifupishiwe njia kwa sababu lami ya viwanja haikutosha kulisimamisha. Anayetaka kuanzia hapo Dodoma angetuambia kwanza lami yake ya kusimamia gari itaishia wapi.

Daraja linalofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni Pro Stock, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Lilianza rasmi 1970 kwa wazo rahisi: gari linalofanana na lile ulilopaki nyumbani, injini inayovuta hewa yenyewe bila turbo wala supacharja, petroli ya mbio badala ya nitro. Bill Jenkins alishinda mashindano ya kwanza kwa Camaro ya Chevrolet, na kwa miaka mingi watu walikuja uwanjani na kampuni zao moyoni. Mwenye Ford alimzomea mwenye Chevrolet, mwenye Plymouth akawazomea wote. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kitu, kwa sababu ubishi ulikuwa umeanzia mtaani kwake kabla hajakata tiketi. Kisha taratibu ubishi huo ukakauka. Mafundi wakazidi kubobea, magari yakazidi kufanana, na leo uwanja wa Pro Stock karibu wote ni Camaro. Tofauti ya mshindi na aliyeshindwa ni sehemu ya mia ya sekunde, nayo imefichwa ndani ya vitu ambavyo mtu wa jukwaani havioni. Gari linamaliza robo maili kwa sekunde 6.5 hivi, spidi kilomita 335 na ushei, linabadilisha gia kwa mlio mtamu kuliko yote ninayoijua, na mtu mwenye soda mkononi anauliza: nitro inarudi saa ngapi?

Mwaka 2016 NHRA ilijaribu kulisogeza karibu na magari ya kisasa. Ikaondoa kabureta na kuleta mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta, ikang'oa ule mdomo mkubwa wa hewa juu ya boneti, ikaweka kikomo cha mizunguko 10,500 kwa dakika. Mwaka 2019 ikapunguza mashindano ya daraja hilo kutoka 24 hadi 18 kwa msimu, na wachambuzi wengi wakaandika tanzia. Tanzia ikachelewa. Madereva waliendelea kuja, wakiwemo vijana, kwa sababu timu mbili tatu kubwa zilikubali kukodisha injini zao. Usiye na karakana ya kutengeneza injini unalipa, unafungiwa, unaendesha. Erica Enders amefikisha mataji sita katika daraja hilo. Greg Anderson, mtu wa rika la baba zetu, alitwaa la kwake la sita mwaka 2024. Hilo si daraja lililokufa. Ni daraja ambalo washindani wanalipenda kuliko watazamaji. Mtu anaweza kusema, na ni haki yake, kwamba kukodisha injini kumewapa wachache mamlaka makubwa mno. Anayekukodishia injini ndiye huyo huyo mnayekutana naye fainali. Nakubali. Ila bila mkodishaji huyo, nusu ya foleni ingekuwa nyumbani.

Pikipiki zimebaki kama mtoto wa kambo, na hapo Wamarekani wananishangaza. Pro Stock Motorcycle ilipewa ubingwa wake mwaka 1987. Pikipiki hizo hukimbia robo maili kwa sekunde chini ya saba na kupita kilomita 320 kwa saa huku mpanda pikipiki amelala kifudifudi juu ya tangi. Angelle Sampey alitwaa mataji matatu mfululizo kuanzia 2000, Gaige Herrera akatawala 2023 na 2024. Bado daraja hilo hupangiwa mashindano machache kuliko nitro. Sababu moja naiona: Mmarekani wa kawaida hapandi pikipiki kwenda kazini. Mkazi wa Nkuhungu anapanda kila siku, kama si kuendesha basi kubebwa. Daraja lile lile, likihamishwa mahali, linabadilika umaarufu wake bila kubadilika hata bolti moja. Wanaopanga mchezo kwa kunakili orodha ya Marekani wataliweka la mwisho, na hapo watakuwa wamewafukuza mashabiki wao wa kwanza.

Kuna Pro Mod, iliyopewa daraja na chama kingine cha mbio hizi, IHRA, mwaka 1990, inayochanganya turbo, supacharja na gesi ya naitrasi kwenye bodi za magari ya zamani. Kuna pia mbio za lami isiyopakwa gundi ya kushikisha tairi, zilizovuma kupitia televisheni kuanzia 2013. Zote mbili zina wapenzi moto. Sitakaa hapo, maana zinarudia somo la Pro Stock ya mwanzo: watu wanapenda gari wanaloweza kulibishania.

Sasa daraja la braketi, ambalo kwenye vijiwe vyetu halitajwi kabisa. Kila dereva anatangaza muda ambao gari lake litatumia kumaliza njia na kuuandika kwenye kioo. Kama mimi nimeandika sekunde 17 na wewe 14, nguzo ya taa itanipa kijani sekunde tatu kabla yako. Nikiwahi kuliko muda nilioutangaza, nimejifunga mwenyewe, nimetoka. Kwa hiyo IST inaweza kuitoa Subaru yenye turbo, kihalali kabisa, kama mwenye IST anaijua gari yake vizuri na amewahi taa. Viwanja vingi vya Marekani vinaendeshwa kwa mbio za namna hii wiki hadi wiki. Nitro inapita pale mara moja kwa mwaka, pengine isipite kabisa. Wapo washindani wa braketi wanaogombea zawadi nono mbele ya majukwaa matupu, na wanarudi tena wiki inayofuata, kwa sababu wanalipa kiingilio ili washindane wao, hawalipi ili watazame.

Hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya braketi ni kwamba mtu wetu hataielewa: ataona gari la nyuma limefika kwanza na bado limeshindwa, atasema ameibiwa. Niliijaribu hoja hiyo kwenye gereji moja Kizota, mbele ya mafundi wanne waliokuwa wamekalia tairi chakavu. Niliwaonyesha kwanza gari la nitro. Walirudia klipu mara tatu, mmoja akasema "Mungu wangu", wakarudi kazini. Kisha nikawaonyesha mbio za braketi na kuanza kueleza kwa uangalifu, kama mwalimu. Sikumaliza. Kijana aliyekuwa akisugua plagi kwa msasa alinikatiza bila kuinua macho: "Si handikapu hiyo, kaka? Ile dhaifu inapewa goli moja kabla ya mechi." Mji mzima unaweka mikeka. Watu wanaojua kwamba timu inaweza kushinda uwanjani na kukuchania mkeka kwa tofauti ya goli hawawezi kushindwa na hesabu ya sekunde tatu. Wasiwasi huo ni wa sisi waandishi.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu ni nyingine: braketi haiuzi tiketi, na bila tiketi hakuna mfadhili. Ni kweli. Lakini inadhania kwamba pesa ya kwanza lazima itoke jukwaani. Magari 60 yakilipa kiingilio kila Jumamosi ya pili, yakifuatana na ndugu, mama lishe na fundi, kiwanja kinalipa umeme, gari la wagonjwa na watu wa usalama. Ni mapato madogo lakini hayategemei hali ya mfadhili mmoja. Onyesho kubwa linaloletwa mara moja linaacha picha, madeni na nyasi zilizokanyagwa.

Kuna na jambo la hewa, ambalo sijasikia likitajwa. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo gari lililokuwa na farasi 160 Dar es Salaam linafika hapa limepoteza karibu sehemu moja ya kumi, na jua la saa nane linapunguza zaidi. Turbo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Maana yake, tukishindanisha magari ana kwa ana bila kufidiana, Dodoma itakuwa uwanja wa wenye turbo tu, yaani wenye pesa, na baada ya miezi michache mwenye Grande ataacha kuja. Wamarekani walikutana na tatizo hili Denver, kwenye uwanja wa Bandimere uliokuwa juu ya mlima hadi ulipofungwa 2023, na NHRA ina viwango vya kurekebisha muda kwa viwanja vya juu. Braketi haihitaji hata hivyo, kwa kuwa unaandika muda wa gari lako kwa hewa ya hapa, leo, saa hii.

Mahali pia ni swali la kweli. Mchezo huu ulikulia kwenye viwanja vya ndege visivyotumika, na Dodoma inajenga uwanja mpya Msalato. Ndege zikihamia huko, njia ya kurukia iliyo katikati ya jiji itakuwa na watu wengi wanaoitaka, wenye hoja bora kuliko mbio: makazi, barabara, ofisi. Wapenda magari wakienda kwenye meza hiyo na klipu ya nitro, hawatasikilizwa, na sitawalaumu wasiowasikiliza. Wakienda na orodha ya magari yaliyokaguliwa, madereva wenye leseni, daraja la bodaboda lenye sheria ya kofia na jaketi, na ahadi kwamba anayekamatwa akishindana kwenye barabara ya mzunguko anafungiwa msimu, watakuwa angalau wamebeba kitu cha kujadiliwa. Na wasisubiri uwanja ndipo waanze orodha.

Siku ile Kizota, nikiwa nimeshaaga, fundi mkuu wa pale alichukua kipande cha sabuni akaandika kwenye kioo cha mbele cha Mark II yake: 17.20. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Kisha akaangalia juu, jua lilikuwa kali, upepo wa vumbi unatoka upande wa Bahi. Akafuta kwa kiganja, akaandika 17.60, halafu akamuuliza kijana wa plagi kama anadhani ni nyingi mno.